Somo: Kuipima 37 kwa kichwa, na kuzungusha vigawe vyake

Kwa 2, 3, 5 na 9 vipimo vya kugawanyika vinajulikana tangu shule ya msingi. Ikifika 37, watu hukimbilia kikokotozi. Haina haja, ukishika kitu kimoja tu: 27 × 37 = 999.

Hatua ya 1. Kata namba kwa makundi ya tarakimu tatu tatu, ukianzia kulia. Wengi huharibu hapa kwa kuanzia kushoto.

Hatua ya 2. Jumlisha makundi. Jumla ikivuka 999, ikate tena ujumlishe.

Hatua ya 3. Toa 111, 222, 333 na kuendelea, ile kubwa kuliko zote inayotoka. Zote ni vigawe vya 37, maana 111 = 3 × 37. Ukibakiwa na 0, 37 au 74, namba inagawanyika.

Jaribu 48,365,921. Makundi: 48 + 365 + 921 = 1,334. Tena: 1 + 334 = 335. Toa 333, inabaki 2. Haigawanyiki, na hiyo 2 ndiyo baki ile ile utakayoipata ukigawanya kwa mkono. Sababu ni kwamba 1,000 ukiigawa kwa 37 inabaki 1, kwa hiyo elfu 365 zinaacha baki sawasawa na 365 tupu.

Mazoezi yapo barabarani. Namba za magari ya Tanzania Bara zina tarakimu tatu, basi kwenye foleni ya Ubungo unaingia hatua ya 3 moja kwa moja. Usitegemee kupata nyingi: kati ya 100 na 999 vigawe vya 37 ni 25 tu.

Utamu wenyewe ni huu. Chukua 259, yaani 7 × 37. Hamisha tarakimu ya mbele iende nyuma: 592, ambayo ni 16 × 37. Hamisha tena: 925, ni 25 × 37. Unapohamisha ile 2, umezidisha 259 kwa 10 kisha ukatoa 1,998, na 1,998 ni 2 × 999. Umetoa kigawe cha 37 kutoka kwenye kigawe cha 37.

MASWALI

Swali: Mwalimu, 74 nimeizungusha nikapata 47. Imegoma.
Jibu: Umesahau sifuri. Iandike 074, halafu 740 (20 × 37), halafu 407 (11 × 37).

Swali: Na 295 mbona haikubali, wakati tarakimu ni zile zile za 259?
Jibu: Hapo umepangua, hukuzungusha. Mfuatano lazima ubaki.

Swali: Mkuu, namba nyingine zina tabia hii?
Jibu: 27, kwa sababu ile ile ya 999: 027, 270, 702. Ndiyo maana pia 1/27 ni 0.037037… na 1/37 ni 0.027027… Kila moja imembeba mwenzake.

Swali: Zaidi ya kugawanya, 37 ina nini?
Jibu: Panga vizibo vya soda, vile vya drafti: kimoja katikati, kizungushie 6, kisha 12, kisha 18. Unapata pembe sita kamili yenye vizibo 37. Kubwa zaidi ni la Chen Jingrun, mwanahisabati wa China, aliyethibitisha mwaka 1964 kwamba kila namba nzima chanya ni jumla ya vipeo vya tano (kama 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 32) ambavyo idadi yake haizidi 37. Namba 223 inavihitaji vyote 37: 32 mara sita, na 1 mara thelathini na moja.