Somo: Kufuatilia uchakavu wa injini kwa skana ya OBD2 na daftari

Wakuu, wengi wetu tunanunua skana ya OBD2 (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) siku taa ya injini imewaka. Tunasoma kosa, tunafuta, kifaa kinarudi kwenye droo. Mimi naitumia kila mwezi, kama mama anavyompeleka mtoto kliniki kupimwa uzito. Nesi haangalii kilo za leo peke yake, anaangalia mstari kwenye kadi unapanda au unashuka. Injini nayo inafaa ifuatiliwe hivyo, hasa haya magari yetu yaliyokwisha kutembea miaka kadhaa Japan kabla ya kushushwa bandarini.

Gari la mfano ni Toyota IST yangu ya 2009, injini 1NZ-FE, cc 1500.

Tuelewane kwanza: skana haina jicho ndani ya silinda. Haioni ringi wala beringi. Inasoma yale ambayo sensa zinaiambia kompyuta ya gari, na uchakavu unaacha alama zake humo.

Hatua ya 1: Kifaa. Skana ndogo aina ya ELM327 ya Bluetooth inatosha. Zile za bei ya chini kabisa zilizoandikwa v2.1 nyingi zimepunguzwa uwezo, zinakata mawasiliano katikati ya kazi. Jaribu kwenye gari kabla ya kulipa. Magari ya Japan ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yanaweza kuwa na soketi sahihi lakini yakagoma kuongea na skana ya kawaida.

Hatua ya 2: Kuunganisha. Tafuta soketi ya pini 16 chini ya dashibodi, upande wa dereva. Chomeka, washa swichi, kisha unganisha simu (namba ya siri huwa 1234 au 0000) na ufungue app ya Torque au Car Scanner.

Hatua ya 3: Pima katika hali ileile. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukipima leo AC imewaka na mwezi ujao imezimwa, hizo namba huwezi kuzilinganisha. Mimi nasubiri injini ipate moto mpaka feni iwake na kuzima mara moja. Gia P, AC na taa vimezimwa. Naandika namba za sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta), kisha nashikilia mzunguko wa injini kwenye RPM 2,500 kwa muda wa dakika moja, naandika tena. Tarehe na kilomita pembeni.

Hatua ya 4: Namba za kuandika. Joto la maji: yangu hucheza kati ya nyuzi 84 na 95. Likianza kupanda kidogo kidogo kila mwezi, angalia rejeta, thamostati na feni kabla gari halijachemsha, maana kuchemsha mara moja tu kunaweza kuua gasketi ya silinda hedi. Chaji ya betri injini ikiwa inaunguruma iwe volti 13.5 hadi 14.5.

Namba ninayoipenda kuliko zote ni LTFT. Hii ni asilimia ya petroli ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Kati ya -10 na +10 sina wasiwasi. Ikiwa ya kuongeza sana, kuna hewa inaingia bila kupimwa, au petroli haifiki ya kutosha. Ikiwa ya kupunguza sana, petroli imezidi: nozeli inavuja, au oili imechanganyika na petroli.

Mwaka fulani daftari langu lilisoma +3, kisha +6, +9, +14, miezi minne mfululizo. Taa haikuwaka hata siku moja. Gari lilikuwa zito asubuhi, na fundi mmoja akaniambia injini imechoka, tuifungue. Nikaangalia daftari: ile +14 ni ya sailensa, kwenye 2,500 ilishuka hadi +5. Dalili hiyo ni ya hewa ya wizi, ile inayoingia bila kupimwa. Mpira unaotoka kwenye chujio la hewa kwenda kwenye throto, ukiutazama kwa juu, ni mzima. Nilipoukunja kwa mkono, kwenye mikunjo ya chini ukafunguka mpasuko wa urefu wa kidole. Nikabadilisha mpira, na baada ya wiki hivi LTFT ikarudi +2. Injini ile haijafunguliwa mpaka leo.

Hatua ya 5: Makosa yanayogusa uchakavu. P0301 hadi P0304 hutaja silinda inayomisi (haichomi petroli sawasawa). Hamisha koili yake silinda nyingine. Kosa likihama nayo, koili ndiyo mbovu. Lisipohama, angalia plagi na nozeli, kisha kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). P0011 mara nyingi ni oili chafu au valvu ya VVT (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) iliyoziba. P0016 msiidharau: krenki na kemushafti hazikubaliani, na kwenye 1NZ-FE inaweza kuwa mnyororo wa taimingi umerefuka.

Hatua ya 6: Yasiyoonekana kwenye simu. Pima oili kila kilomita 1,000 na uandike imepungua kiasi gani. Ukiwa na shaka, pimisha kompresheni. Kwa 1NZ-FE isishuke chini ya psi 156 hivi, na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Iliyo chini itiwe kijiko cha oili na ipimwe tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, shuku valvu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, natumia iPhone, Bluetooth haiioni kabisa.*
ELM327 nyingi zina Bluetooth ya zamani ambayo iPhone haiikubali. Chukua ya WiFi au ya Bluetooth LE.

*Naweza kuiacha imechomekwa muda wote?*
Gari likilala siku kadhaa inaweza kumaliza betri. Mimi nachomoa nikimaliza kupima.

*Niko Nairobi, Honda Fit. Swichi ikiwa on bila kuwasha injini, MAP (sensa ya shinikizo la hewa) inasoma kPa 83. Rafiki yangu wa Mombasa anapata 101. Sensa imekufa?*
Hapana kaka, sensa yako ni nzima. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na hiyo 83 ndiyo shinikizo la hewa la hapo ulipo. Usilinganishe namba zako na za mtu wa pwani.

*Dada yenu nataka kununua gari mkononi. Skana itanisaidia?*
Sana, dada. Usiishie kwenye "hakuna kosa", maana muuzaji anaweza kuwa amefuta jana usiku. Tafuta kipimo cha umbali tangu makosa yafutwe. Ukikuta kilomita 6, muulize alifuta nini. Kisha omba uje asubuhi injini ikiwa baridi, uwashe mwenyewe, na mtu asimame nyuma kuangalia kama ekzosi inatoa moshi wa bluu.