Mkono wa Juu Ukivunjika: Kagua Haya Kabla Hujafunga Banzi

Vua pete, bangili na saa sasa hivi, kabla uvimbe haujaanza. Majeruhi asile wala asinywe. Huenda akahitaji upasuaji. Kitu kilichochoma na kubaki ndani usikichomoe.

Damu ikiruka, bandika kitambaa safi ugandamize kwa nguvu, bila kuchungulia kila dakika. Isipokoma, kaza mkanda mpana, umbali wa sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha kuelekea bega, kamwe si kwenye kiungo. Andika saa uliyofunga na usiulegeze njiani.

Kisha neva, yaani mishipa ya fahamu. Neva ya radiali imezunguka nyuma ya mfupa na kuulalia, ndiyo maana mfupa ukivunjika katikati, hiyo ndiyo huumia mara nyingi. Mwambie ainue kifundo cha mkono na kunyoosha kidole gumba. Kiganja kikining'inia, imeumia. Atengeneze duara kwa gumba na kidole cha shahada: hapo unapima neva ya kati. Atanue vidole: neva ya ulna. Mtoto mgeuzie mchezo wa ngumi, kiganja wazi na mkasi. Matokeo yaandikwe. Bila maandishi, neva ikikutwa haifanyi kazi baada ya mkono kufungwa, hakuna atakayejua kama iliumia kwenye ajali au ilibanwa wakati mfupa unanyooshwa.

Linaloharibu mikono ya watoto ni hili. Mtoto anaanguka na kujikinga kwa kiganja, mfupa unavunjika juu kidogo ya kiwiko, na ncha yake inasukuma ateri (mshipa mkuu unaopeleka damu mkononi) iliyo mbele. Vidole vinabaki vyekundu na vyenye joto kwa sababu vijishipa vinavyozunguka kiwiko bado vinapitisha damu. Watu wanatulia. Kiwiko kinakunjwa sana, bandeji inakazwa. Usiku uvimbe unaongezeka, mtoto analia, anapewa dawa ya maumivu, analia tena. Asubuhi vidole vimejikunja na havinyooki. Misuli ya kigasha (kati ya kiwiko na kifundo) ikikosa damu kwa takriban saa 6, huanza kufa, na iliyokufa hairudi.

Kwa hiyo tafuta mapigo kwenye kifundo, upande wa gumba, ulinganishe na mkono mzima. Bonyeza ukucha, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Usikunje kiwiko kupita nyuzi 90. Maumivu yakizidi ukimnyoosha vidole, hata kama mapigo yapo, fungua banzi na bandeji zote mpaka ngozi ionekane, mkono ukae usawa wa moyo, na safari ya hospitali ianze hapo hapo.

Ukimaliza kufunga banzi, rudia ukaguzi wote. Mapigo yaliyokuwepo yakipotea, fungua.

Na jeraha dogo la kisu upande wa ndani, karibu na kwapa, lisikudanganye hata kama damu imekauka. Ateri na neva kuu zinapita pamoja pale. Uvimbe unaokua au unaodunda usiuguse, usiutumbue, na usiruhusu mtu aushone juu juu.