Somo: Jinsi ya kupata dawa ya meno inayokufaa kama ladha zake zinakudhuru

Kwa karibu miaka miwili midomo yangu ilikuwa inakauka, inapasuka pembeni na kuwaka kila asubuhi. Nilikunywa maji mengi, nikapaka mafuta mchana kutwa, nikaambiwa ni upungufu wa vitamini. Hakuna aliyeniuliza napiga mswaki kwa dawa gani. Kumbe tatizo lilikuwa ladha ya mdalasini, na ilikuwemo hata kwenye dawa iliyoandikwa mnanaa. Siku nilipojua nililia. Naandika somo hili ili mwingine asipoteze miaka yake kama mimi.

Kabla ya hatua, tutenganishe mambo mawili. Mnanaa unaweza kukuchoma bila mzio wowote: mentoli iliyomo huamsha neva zinazohisi baridi, na mdalasini huamsha zile zinazohisi ukali. Mwenye vidonda au mdomo mkavu, anayetibiwa saratani, au mtoto mwenye usonji anaweza kuihisi ladha hiyo kwa ukali zaidi. Mchomo wa namna hii huanza papo hapo na kwa kawaida hupoa ukisukutua. Mzio wa kugusana, yaani mwili kukikataa kitu kinachoigusa ngozi au mdomo, ni mjanja zaidi. Mara nyingi hujitokeza saa nyingi baadaye, pengine siku ya pili au ya tatu, ndiyo maana watu hawauhusishi na mswaki. Midomo hubabuka, ngozi inayozunguka mdomo huwasha, fizi huvimba na kuwa nyekundu sana.

Midomo au ulimi ukivimba ghafla, koo likabana au pumzi ikawa nzito, usiendelee na somo hili. Nenda hospitali mara moja, na dawa hiyo usiirudie nyumbani hata kwa kujaribu.

Hatua ya 1: Simamisha kila chenye ladha. Si dawa ya meno peke yake. Weka kando pia dawa ya kusukutua, chingamu, pipi za mnanaa, mafuta ya midomo yenye ladha na uzi wa meno uliotiwa mnanaa. Chukua mswaki mpya, maana wa zamani hubaki na dawa kwenye nywele zake. Piga mswaki kwa maji matupu kwa wiki moja au mbili, na punguza sukari siku hizo kwa sababu meno hayana kinga ya floraidi, madini yanayozuia meno kuoza.

Hatua ya 2: Soma viambato, usisome maneno ya mbele. Hapa ndipo nilipokosea mimi. Neno "asili" lilinivuta, nikahamia dawa yenye mafuta ya karafuu na propoli, yaani gundi ya nyuki, na midomo ikazidi. Mafuta ya mimea yenye harufu ndiyo hasa yanayosababisha mzio huu mara nyingi. Geuza tyubu, tafuta maneno haya kama yalivyochapwa: "Mentha piperita", "Mentha spicata" au "Mentha viridis", "Menthol" na "Carvone" ni familia ya mnanaa. "Cinnamal" ni mdalasini. "Eugenol" ni karafuu. "Anethole" ni ladha ya anisi. "Limonene" na "Linalool" hutokana na mafuta mengi yenye harufu. Kisha kuna neno moja linaloficha yote: "Aroma", au "Flavor". Nyuma yake kunaweza kuwa na mchanganyiko wa vitu vingi visivyotajwa kimoja kimoja. Ukiliona, chukulia kwamba adui yako yumo hadi mtengenezaji akujibu kwa maandishi.

Si kila lawama ni ya ladha. "Sodium lauryl sulfate", kitoa povu, huwaletea baadhi ya watu vidonda na utando mweupe unaobanduka ndani ya mashavu. "Cocamidopropyl betaine", inayowekwa mara nyingi badala yake, nayo huwaletea baadhi ya watu mzio.

Hatua ya 3: Anza na isiyo na ladha kabisa, yenye floraidi. "Ladha hafifu" haitoshi. Kwa mtu mzima tafuta floraidi ya ppm (sehemu katika kila milioni) 1000 hadi 1500. Namba huandikwa kwenye tyubu au boksi. Orodha fupi ya viambato ni rafiki yako.

Hatua ya 4: Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tumia dawa hiyo mpya wiki mbili bila kubadilisha kingine chochote, na uandike kila siku hali ya midomo, fizi na ulimi. Ukibadilisha dawa, mafuta ya midomo na sabuni ya uso kwa pamoja, utapona usijue kilichokuponya.

Hatua ya 5: Mwone daktari wa ngozi akupime mzio. Kipimo chake ni vibandiko vinavyowekwa mgongoni kwa siku mbili, kisha ngozi husomwa, na husomwa tena baada ya siku moja au mbili zaidi. Nenda na tyubu zako zote. Usijipimie mwenyewe kwa kupaka dawa ya meno mkononi. Kitoa povu chake peke yake kinaweza kuiunguza ngozi na kukudanganya.

Maswali ya wanachama

*Nimetumia dawa ileile miaka kumi. Iweje leo iniletee mzio?*
Ndugu yangu, mzio huu hujengeka kwa kugusana mara kwa mara, kwa hiyo miaka kumi haikukingi. Pia watengenezaji hubadilisha viambato bila kubadilisha jina. Linganisha boksi jipya na la zamani kama bado unalo.

*Mwanangu ana miaka 4, akionja mnanaa anatapika. Nimlazimishe?*
Hapana, mama, usimlazimishe. Mpe isiyo na ladha, kiasi cha punje ya njegere, na umwangalie ateme. Aliye chini ya miaka 3 ni kiasi cha punje ya mchele. Angalia na zile za matunda, baadhi zina mentoli kidogo ndani.

*Chumvi au mkaa havina ladha hizo. Si bora nitumie hivyo?*
Kwa siku chache chumvi haitakuharibia. Kwa kudumu hapana, maana haina floraidi unayoihitaji. Mkaa unakwangua meno, mimi siushauri kabisa.

*Nina mzio wa maziwa. Kuna cha kuogopa?*
Kipo, dada. Baadhi ya dawa za kuimarisha meno zina protini ya maziwa. Tafuta neno "casein", na ukiliona irudishe rafuni.

*Nimepata isiyo na ladha wala povu, lakini najisikia kama sijapiga mswaki. Mdomo hautanuka?*
Hisia hiyo ilinisumbua kama mwezi mzima. Povu silo linaloondoa uchafu, ni nywele za mswaki na dakika mbili za kusugua. Harufu mara nyingi hutoka kwenye bakteria walio nyuma ya ulimi na katikati ya meno, na mnanaa ulikuwa unaifunika tu. Sugua ulimi taratibu hadi nyuma, pitisha uzi usio na ladha kila usiku. Harufu ikibaki baada ya hapo, mwone daktari wa meno akukague fizi.