Mkono mfupi wa gia kwenye Impreza WRX: anza na bushi

Vijana wengi wanaoniletea Subaru Impreza WRX hapa gereji, Mombasa, huja na kifurushi tayari kwapani. Ndani mna mkono mfupi wa gia, ule unaopunguza safari ya kiganja unapobadilisha gia, ulioagizwa Marekani au Japani, na mwenyewe anataka ufungwe siku hiyo hiyo. Mimi humwambia akae kwanza. Naingia garini, injini ikiwa imezimwa, naingiza gia ya nne, nashika kichwa cha gia kwa vidole viwili na kukisukuma kulia na kushoto. Gari ikiwa imetunzwa, kitacheza kidogo tu. Nyingi zinazofika hapa, kinatembea kama mwiko kwenye sufuria ya uji. Hapo kifurushi kinarudi kwenye buti na sisi tunaanza habari ya bushi, yaani mipira inayoshikilia mpangilio wa mkono wa gia.

Ninayoisema ni WRX ya gia tano, ile yenye namba ya bodi GDA iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2007. STI, ndugu yake mkali wa gia sita, ina mambo yake, hasa ile ringi unayoinua ili uingize rivasi, pamoja na waya wake. Maelezo haya si yake. Forester na Legacy nyingi za turbo za gia tano za miaka hiyo zina mpangilio unaofanana sana na huu, ila linganisha namba ya kipuri kabla hujatoa pesa.

Kwenye gari kama Mazda MX-5 mkono wa gia unachomeka moja kwa moja kwenye giaboksi, ndiyo maana watu wanausifu. Subaru haiko hivyo. Giaboksi iko mbele, wewe uko nyuma yake, na kati yenu pana vitu viwili. Kuna fimbo inayochukua mwendo wa mkono na kuupeleka hadi kwenye kiungo kilicho nyuma ya giaboksi. Halafu kuna fremu ndogo ya chuma ambayo mkono wenyewe unaegemea. Fremu hiyo, upande wa mbele, imefungwa kwenye giaboksi kwa bolti inayopita ndani ya bushi. Upande wa nyuma imening'inizwa kwenye bodi ya gari kwa mpira mwingine. Injini na giaboksi hutikisika kila unapokanyaga mafuta, bodi haitikisiki nazo, na mipira hiyo miwili ndiyo inayozipatanisha. Ikichoka, fremu inaelea. Unasukuma mkono kwenda gia ya tatu na sehemu ya nguvu yako inaishia kusogeza fremu.

Sasa hesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wanapotapeliwa na matangazo. Tuchukue mfano wa mkono wenye milimita 240 juu ya egemeo na 60 chini yake. Uwiano ni 4 kwa 1. Fimbo ikitakiwa kusogea milimita 15 ili gia iingie, kiganja chako kitasafiri milimita 60. Mkono mfupi hubadilisha uwiano huo: tuseme chini panakuwa 80 badala ya 60. Sasa ni 3 kwa 1, na kiganja kinasafiri milimita 45. Umeokoa robo ya safari. Lakini nguvu ya kuingiza gia imepanda kwa theluthi nzima, kwa sababu wenzo haukopeshi bure.

Na ulegevu je? Tuseme bushi na viungo vimechakaa hadi fimbo inacheza milimita 2. Kwa mkono wa zamani utausikia kama milimita 8 kati ya 60, kwa mkono mfupi kama 6 kati ya 45. Piga hesabu: ni sehemu ile ile ya safari. Mkono mfupi umekupunguzia mwendo, ulegevu umebaki palepale na sasa gia ni nzito zaidi. Ndiyo maana nakataa kuanza nao.

Kabla ya kununua chochote, pima vitu vingine vitatu.

Cha kwanza ni klachi. Gari ikiwa imezimwa, pitisha gia zote. Kisha washa, kanyaga klachi hadi chini, pitisha tena. Zikiwa laini wakati imezimwa na ngumu ikiwaka, klachi haiachii vizuri. Klachi ya WRX hii hutumia mafuta ya haidroliki, basi angalia kikopo chake karibu na ukuta wa injini upande wa dereva, toa hewa, badilisha mafuta ikiwa yamekuwa meusi. Nimeona watu wakipanga kufungua giaboksi nzima kwa ajili ya hewa kwenye paipu ya klachi.

Cha pili ni mauntingi, vile vishikizo vya mpira vinavyobeba injini na giaboksi. Endesha taratibu kwa gia ya tatu, kanyaga mafuta, achia, kanyaga, achia. Mkono wa gia ukiruka mbele na nyuma kila mara, injini na giaboksi zinayumba. Mauntingi ya giaboksi na ile stendi fupi ya juu inayozuia injini isijipindue nyuma ndizo za kutazama. Ile ya juu ni kazi ya dakika chache tu, na mara nyingi inatosha kumfanya mtu ajisikie amenunua gari nyingine.

Cha tatu ni giaboksi yenyewe. Ikikwaruza ukiingia gia ya tatu, hasa asubuhi kabla haijapata joto, hiyo ni sinkronaiza, ringi inayosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, na hakuna bushi wala mkono mfupi utakaoiponya. Mkono mfupi utaimaliza haraka zaidi, kwa kuwa unakuwezesha kubadilisha gia upesi kuliko sinkronaiza inavyoweza kusawazisha mwendo. Giaboksi hii ya gia tano ina sifa mbaya ya kuvunjika meno ikipigwa gia kwa fujo. Najua mapenzi ya Subaru hapa Kenya yalikotoka: Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda nayo mwaka 2000, na kizazi kizima kikaamua. Lakini gari zile zilijengwa na kampuni ya Prodrive kule Uingereza kwa ajili ya mashindano, na giaboksi zao hazina udugu na hii yako.

Oili nayo. Giaboksi hii inagawana oili na difu ya mbele, lita 3.5 hivi. Difu hiyo inahitaji oili ya daraja la GL-5, yenye kinga kubwa zaidi ya meno kuliko GL-4, kwa hiyo usimsikilize anayekuambia uweke GL-4 tupu ili gia zilainike. Gia zitalainika na difu italia. Weka 75W-90 ya GL-5 iliyo nzuri, ipime kwa kijiti chake cha kupimia kilichopo kwenye giaboksi, si kwa kukisia. Oili mpya ni sehemu ya bei rahisi kabisa ya mradi huu na ndiyo inayosahaulika.

Haya, bushi. Utapata za mpira kama za kiwandani, na utapata za polyurethane, zile ngumu za rangi nyekundu au nyeusi. Kwa gari ya kila siku napendelea mchanganyiko: ngumu mbele, kwenye giaboksi, kwa sababu hapo ndipo usahihi unapopatikana, ya nyuma iwe ya mpira mpya, kwa sababu hiyo ndiyo inayoshikana na bodi na ndiyo italeta mvumo ndani ya gari. Ukitaka zote ngumu, sawa, ila usirudi kuniuliza mbona dashibodi inanguruma ukifika kilomita themanini kwa saa. Ukiwa Nairobi utazikuta Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Nenda na bushi ya zamani mfukoni uzilinganishe kaunta.

Tafuta sakafu ya saruji iliyo tambarare. Weka vizuizi kwenye magurudumu, inua gari, iketishe juu ya stendi nne za chuma. Jeki peke yake hapana. Tofali hapana, hata lile zito; tofali hupasuka bila kukuaga. Acha ekzosi ipoe kabisa, maana utakuwa umelala uso wako ukiwa karibu nayo.

Bomba la katikati la ekzosi linashuka, na juu yake kuna bati la kuzuia joto, nalo linatoka. Hapa Pwani kazi yote iko kwenye nati za ekzosi. Chumvi ya bahari imezila, na ukizilazimisha utakata stadi. Zipulizie dawa ya kutu usiku wa kuamkia kazi, asubuhi tena, kisha tumia soketi ya pembe sita, si ya kumi na mbili. Nunua gasketi mpya kabla hujafungua.

Bati likishatoka utaona fremu na fimbo zikienda sambamba juu ya propela shafti. Piga picha kwa simu. Bolti nyingi hapo ni za spana ya 12. Fungua bolti ya mbele inayoshika fremu kwenye giaboksi, kisha zile mbili zinazoshika mpira wa nyuma kwenye bodi. Ikiwa ni bushi tu unazobadilisha, mkono wa gia unaweza kubaki mahali pake. Toa bushi za zamani. Ya mbele mara nyingi imeshikamana na chuma na inataka kusukumwa kwa vaisi na soketi inayolingana nayo. Safisha tundu hadi ling'ae. Bushi za polyurethane zipakwe grisi ya silikoni, zisipakwe ile ya magurudumu. Grisi ya magurudumu haifai kwao, na baada ya muda zitaanza kulia kila ukibadilisha gia.

Ukiwa huko chini, shika kiungo kilicho nyuma ya giaboksi ukitikise. Kimefungwa kwenye shafti ya giaboksi kwa pini ya springi inayotolewa kwa nyundo na chuma chembamba. Pakiwa hapachezi, paache. Pakiwa panacheza, badilisha kiungo na uweke pini mpya. Ya zamani ikishapigwa haishiki tena kama mwanzo.

Rudisha kila kitu na uendeshe gari kwa wiki moja hivi kabla ya kugusa kile kifurushi. Nasema kwa uzoefu wa gereji: wengi hawarudi kufungiwa mkono mfupi. Wanarudi kuuuza.

Kama bado unautaka, basi ndani ya gari zungusha kichwa cha gia kinyume cha saa kitoke, toa plastiki ya katikati na ngozi ya juu. Chini yake kuna mpira unaozuia vumbi na kelele, umeshikwa na bati lenye bolti ndogo. Mpira huo ukiwa umepasuka badilisha, kwani kupitia hapo ndipo joto na harufu ya ekzosi vinaingia. Huko chini, fungua bolti inayounganisha fimbo na mguu wa mkono wa gia, achia springi ndogo, fungua fremu mbele na nyuma kama mwanzo, kisha itoe yote pamoja na mkono. Juu ya meza toa waya au ringi inayofunga egemeo, chomoa mkono wa zamani, hamishia vikombe vya egemeo na ringi zake za mpira kwenye mkono mpya ukiwa umevipaka grisi. Vikombe vikiwa na mikwaruzo mirefu, weka vipya. Ringi ya kufungia ihakikishe imekaa kwenye mfereji wake mzunguko mzima. Ikitoka ukiwa barabarani, utabaki umeshika kijiti kisichounganishwa na chochote.

Mikono mingine inaruhusu kurekebisha urefu. Anza na mpangilio wa kati. Mwendo mfupi kabisa unafurahisha kwenye mteremko wa Mazeras na unachosha kwenye foleni ya Makupa.

Kichwa cha gia ni habari ya ladha, ila ladha yenye madhara. Uzi wa WRX hii ni M12 wenye hatua ya 1.25. Kichwa kizito cha chuma huusaidia mkono mfupi kwa sababu uzito wake unakamilisha safari ya gia, na kwa wengi ndicho kitu pekee kinachohitajika. Lakini gari ikiegeshwa juani hapa Mombasa hadi saa nane mchana, chuma hicho hakishikiki bila kitambaa. Plastiki ngumu ya aina ya Delrin haina uzito huo, ila unaweza kuishika wakati wowote. Mimi ninayo hiyo.

Kabla ya kurudisha bati na ekzosi, pitisha gia zote mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, huku mtu mwingine akiangalia kutoka chini kama fimbo inagusa popote. Gia ya tano na rivasi ndizo zinazogonga plastiki ya katikati au kukwama kwenye mpira. Kisha teremsha gari, washa, jaribu rivasi, zunguka mtaa taratibu. Baada ya kilomita mia mbili hivi rudi chini na ukaze tena bolti ya mbele ya fremu na nati za ekzosi, ekzosi ikiwa baridi.