Ukitaka kwenda Tokelau, anza na meli

Tokelau, eneo dogo la visiwa vya Pasifiki lililo chini ya New Zealand, haina uwanja wa ndege, kwa hiyo sahau kutafuta flaiti ya kule. Unaruka hadi Samoa, unashuka Apia, halafu unapanda meli kuelekea kaskazini kama kilomita 500 hivi, safari ya siku nzima na zaidi, na bahari ikichafuka ndo utajua kwa nini watu wanabeba dawa za kichefuchefu.

Kabla ya kulipia chochote omba kibali kwanza kwenye ofisi ya Tokelau iliyopo Apia, maana wanaoamua uingie au la ni wazee wa baraza la kisiwa unachoenda, yaani Atafu, Nukunonu au Fakaofo, na watataka kujua utalala wapi na utarudi lini. Nafasi kwenye meli wenyeji wanapewa kwanza, ni haki yao kabisa, so usipange ratiba ya kubana.

Bandari pia hakuna. Meli inabaki nje ya miamba ya matumbawe, nyie mnashushwa kwenye boti ndogo inayosubiri wimbi zuri ndo ipenye kwenye upenyo wa miamba hiyo, kwa hiyo simu na pasi ya kusafiria weka kwenye mfuko usioingiza maji na mikono yako iwe huru.

Beba dola za New Zealand keshi, ATM hamna. Dawa zako zote pia. Jumapili ni kanisa na kupumzika, mambo ya kuogelea acha kwanza, na kijijini vaa nguo za heshima.