Safari ya gari ya mzazi na mtoto kwenye maeneo ya kihistoria

Kinachoharibu safari hizi mara nyingi ni tamaa ya ratiba. Mzazi anapanga ngome, makumbusho na magofu mawili kwa siku moja, na ikifika saa nane mchana mtoto ana njaa, amechoka, hata kushuka garini hataki. Eneo moja kubwa kwa siku linatosha. Kama kuna la pili, liwe dogo, la njiani, ambalo mkiliacha hakuna atakayenung'unika.

Muda unaoonyeshwa na ramani ya simu hauhesabu kusimama. Ongeza theluthi: safari ya saa tatu ipangie saa nne. Simama kila baada ya saa mbili kwa dakika 15 au 20, na usimame panapomruhusu mtoto kukimbia, maana kukaa ameshakaa. Pakua ramani kabla ya kuondoka, kwani magofu mengi yako mahali mtandao unasuasua. Upepo wa tairi upimwe asubuhi, tairi zikiwa bado baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Pima na spea.

Wiki ileile ya safari, piga simu unakokwenda. Makumbusho mengi hufungwa siku moja kwa wiki, aghalabu Jumatatu, na mengine huacha kukata tiketi nusu saa au zaidi kabla ya kufunga. Uliza pia kama gari linafika. Kwa Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu kusini mwa Tanzania, barabara inaishia Kilwa Masoko. Kutoka hapo ni chombo cha majini, na mtoto anahitaji jaketi la kuokolea la saizi yake, si la mtu mzima lililofungwa kamba. Mkivuka mpaka, beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki. Baadhi ya nchi huidai, na foleni ya uhamiaji si mahali pa kuanza kuitafuta.

Mtoto aliye chini ya miaka 13 akae nyuma. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa ambao haujazimwa. Kwa mtoto mkubwa, kiti cha kumnyanyua kinahitajika mpaka mkanda umkae sawasawa: wa juu upite katikati ya bega, wa chini ulale juu ya mapaja. Ukipita shingoni na tumboni, bado hajafikia kuutumia mwenyewe. Wengi huufikia wakiwa na urefu wa sentimita 145 hivi. Mvue jaketi nene kabla ya kumfunga, kwa sababu gari likigonga jaketi hubonyea na mkanda hubaki umelegea.

Mkiwa wawili tu, dereva ndiye mlezi, na hawezi kuzifanya kazi zote mbili gari likiwa mwendoni. Maji, kofia na mfuko wa kutapikia vikae mkono wa mtoto unapofika. Nguo za kubadilisha ziwekwe juu kabisa ya mizigo. Kutapika safarini huwasumbua zaidi watoto wa kati ya miaka 2 na 12: sikio la ndani linahisi mwendo wakati macho, yakiwa kwenye kitabu au simu, yanaona kitu kilichotulia, na ubongo unapata habari zinazopingana. Basi asisome njiani. Atazame mbali mbele, apate hewa, ale kidogo kitu kikavu kabla ya kuondoka. Dawa za kuzuia hufanya kazi zikinywewa kabla ya safari. Akishaanza kutapika umechelewa. Muulize mfamasia kipimo kwa umri na uzito wake.

Mkifika, choo kwanza, kisha maji, kisha nje. Vibao vya maelezo viachwe mwisho. Vimewekwa kwa kimo cha mtu mzima na vimeandikwa kwa ajili yake. Mpe mtoto jambo la kutafuta, tena moja tu. Fort Jesus mjini Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, mwonyeshe kwanza mchoro wake kutoka juu, unaofanana na mtu aliyelala. Kisha asimame kwenye pembe za kuta atafute mahali adui angeweza kujibanza asionekane. Asipopaona, ataelewa zile pembe zilichomozwa kwa nini. Gedi, magofu ya mji wa Waswahili karibu na Malindi, atafute visima na vyoo. Great Zimbabwe, magofu ya mji wa mawe nchini Zimbabwe, asogee karibu na ukuta aangalie kilichopo kati ya jiwe na jiwe: hakuna chokaa wala simenti, na bado kuta zinafika mita 11. Pompeii, mji wa Kirumi nchini Italia uliofukiwa na volkano, aseme mawe makubwa yaliyokatiza barabara ni ya nini, na kwa nini yameachiwa nafasi. (Ya kuvukia kwa miguu bila kukanyaga uchafu, nafasi ni za magurudumu ya mikokoteni.)

Saa moja na nusu inatosha kwa wengi. Akianza kupanda kuta, muda umekwisha: chokaa ya zamani hulegea, na kuta hizo hazikujengwa kubeba wapandaji. Kigae kilicho chini kisiokotwe, kwa kuwa mwanaakiolojia hukisoma pamoja na mahali kilipolala. Kubalianeni langoni mahali pa kukutana mkipoteana, na namba yako ya simu iwe kwenye karatasi mfukoni mwake. Akisinzia garini, usimwache ndani ukachungulie kidogo; joto la gari lililofungwa juani hupanda nyuzi 10 hivi za Selsiasi ndani ya kama dakika 10 tu.

Maeneo ya utumwa na mauaji yanataka hesabu nyingine. Makumbusho ya Auschwitz, iliyokuwa kambi ya mauaji ya Wanazi nchini Poland, haishauri watoto walio chini ya miaka 14 kutembelea, na ushauri huo una maana hata kwingine. Ukiamua kwenda, mweleze siku moja kabla, kwa maneno machache ya kweli, atakachokiona. Mruhusu kutoka wakati wowote bila kumuuliza sababu, hata kama kiingilio kimeshalipwa. Baada ya hapo msiende eneo jingine siku hiyo. Tafuta uwanja wa kuchezea, na mengi atakayouliza yatakuja usiku au kesho yake barabarani.