Kufunga keria juu ya kanopi ya pikapu bila kupasua paa wala kuvujisha maji

Kanopi ni kibanda kinachofunika sehemu ya mizigo ya pikapu. Paa la kanopi ya faibaglasi ni ngozi, si mfupa. Kazi yake ni kuzuia mvua na vumbi. Keria ikifungwa kwenye ngozi hiyo pekee, mwezi wa kwanza inaonekana imara, kisha nyufa ndogo zinachora duara kuzunguka kila bolti, na masika yakifika maji yanaingia. Kwa hiyo kazi kubwa hapa haiko juu ya paa, iko ndani: kuupitisha uzito mpaka kwenye kingo za bodi ya gari, yaani sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo. Maelezo haya ni ya pikapu ya milango minne yenye kanopi ya faibaglasi, inayozunguka Tabora na njia za porini za Sikonge, Urambo na Kaliua.

Anza na kilo, si na drili

Tafuta kibandiko cha mtengenezaji, mara nyingi kiko ndani karibu na mlango wa nyuma. Kanopi nyingi za faibaglasi huruhusiwa kilo 50 hadi 100 gari likiwa linatembea, na hesabu hiyo inajumuisha keria yenyewe. Kama kibandiko kimeng'oka, chukua 50.

Fanya hesabu ya kwetu. Kibandiko kinasema 75, keria ya chuma ni kilo 20, zimebaki 55. Ndoo ya lita 20 ya asali ina kilo 28 hivi, maana asali ni nzito kuliko maji. Ndoo mbili tu, umeshapita. Asali, maji na mafuta vikae chini kwenye bodi. Juu pandisha vitu vikubwa vyepesi: mizinga mitupu, magodoro, ngazi, turubai. Tairi la akiba lenye rimu ya chuma hukaribia kilo 30, nalo lihesabu. Hata ukiweka fremu ya ndani kama ilivyoelezwa hapa chini, usizidi kilo 100. Fremu inaokoa paa, lakini haizuii gari kulala kwenye kona.

Vitu vya kuwa navyo

- Skwea paipu ya milimita 30 kwa 30, unene wa milimita 2, mapande mawili ya mita 6
- Flatiba (chuma bapa) ya milimita 50 kwa 5, mita 1 (nyayo za fremu)
- Pleti 8 za chuma, milimita 50 kwa 100, unene 4
- Bolti 8 za steinlesi (chuma kisichoshika kutu) za milimita 8 (zile za spana 13), urefu milimita 40. Paa likiwa nene, 50
- Nati 8 zenye nailoni ndani na washa pana 16
- Raba ngumu ya milimita 5, ya kutosha vipande 8 vya 50 kwa 100
- Gundi ya poliurethani, ile mafundi wa vioo wanayobandikia kioo cha mbele
- Biti za milimita 3, 6 na 9, tepu ya karatasi, spiriti, rangi ya kuzuia kutu

Silikoni ya kawaida inayonuka kama siki usiinunue kwa kazi hii. Tindikali yake hula chuma kilichopo chini yake, na kutu ikianza, gundi inabanduka.

Hatua ya 1: Kagua kanopi ilivyo

Ingia ndani, gonga paa kwa kidole cha kati. Likilia kavu, ni faibaglasi tupu. Likilia zito kama mlango wa mbao, katikati kuna povu au mbao nyembamba, na hapo kila tundu litahitaji kipande cha paipu ndogo ndani yake, urefu sawa na unene wa paa, ili bolti ikikazwa ibane chuma badala ya kuponda povu. Ukiruka hili, bolti zitalegea kila wiki na hutajua kwa nini.

Angalia klampu zinazoshika kanopi na bodi. Kanopi nyingi zinakuja na 4. Kwa keria weka 6. Fuata pia waya wa taa ya breki ya juu na wa taa ya ndani, uwekee tepu njia yake usije ukautoboa.

Hatua ya 2: Fremu ya ndani

Fremu ni matao mawili. Kila tao lina miguu miwili inayosimama juu ya kingo za bodi na boriti moja inayopita chini ya paa. Yaunganishe kwa paipu mbili za urefu, moja kila upande, yasiyumbe kwenda mbele na nyuma. Chini ya kila mguu chomelea kipande cha flatiba, kifungwe kwenye ukingo wa bodi kwa bolti mbili (hizi ni mbali na zile 8 za paa). Miguu ipite kwenye nguzo kati ya madirisha ya pembeni, la sivyo vioo havitafunguka.

Juu ya kila tao chomelea pleti mbili, moja kila upande, pale mguu wa keria utakapotua. Pleti ikae kwa urefu kukata paipu, na matundu yake mawili yaachane milimita 70. Kwa umbali huo nati inapata nafasi pembeni ya paipu na spana inaingia vizuri.

Acha nafasi ya milimita 5 kati ya pleti na paa kwa ajili ya raba. Paa lina mgongo, halijanyooka, hivyo pima kila pembe peke yake.

Kuchomelea kufanyike nje ya gari, daima. Pima ndani, shikiza kwa vinundu viwili vitatu nje, rudisha ujaribu, toa tena ndipo umalizie. Faibaglasi inashika moto, na tanki la mafuta liko chini ya sakafu unayosimamia. Piga rangi kabla ya kuirudisha.

Hatua ya 3: Weka alama

Keria ya juu ni paipu mbili za kukata upana, zikisimama juu ya miguu minne iliyotengenezwa kwa pleti nne zilizobaki. Umbali kati ya paipu uwe sentimita 70 hadi 80 na uoane na matao.

Hapa kuna ombi ambalo fundi anapaswa kulikataa: keria moja ndefu inayoanzia juu ya kabini hadi mwisho wa kanopi. Kabini na bodi ni vitu viwili juu ya chesisi (fremu ya chini ya gari) moja. Gari likivuka korongo, chesisi inajipinda na viwili hivyo vinaelekea pande tofauti. Keria iliyovishika vyote kwa bolti lazima ivunje kimoja, na faibaglasi ndiyo dhaifu. Anayetaka nafasi zaidi awekewe keria mbili zilizoachana angalau sentimita 5.

Hatua ya 4: Toboa

Bandika tepu, chora alama juu yake. Toboa kutoka nje kwenda ndani, maana rangi ya juu ndiyo inayobanduka. Shikilia kipande cha mbao upande wa ndani. Anza na biti ya 3, drili ikizunguka kinyume hadi ngozi ya rangi ikwaruzike, kisha igeuze. Fuata na 6, malizia na 9, mwendo wa polepole. Bolti ni ya 8. Ile milimita moja ni ya gundi na ya paa kutanuka kwa jua.

Vaa barakoa, miwani na mikono mirefu. Vumbi la faibaglasi ni vijiti vidogo vya kioo, linawasha ngozi na halifai mapafuni.

Hatua ya 5: Gundi na bolti

Futa kila tundu kwa spiriti, liache likauke. Jaza gundi ndani ya tundu, zungushia nyingine chini ya mguu wa keria. Mpangilio kutoka juu: kichwa cha bolti, washa, mguu, raba, paa, raba, pleti ya fremu, washa, nati. Paka nyuzi za bolti grisi kidogo, upande wa nati tu. Steinlesi juu ya steinlesi zikikazwa kavu hung'ang'aniana mpaka bolti ikatike.

Kaza mara mbili. Siku ya kwanza kaza mpaka gundi ianze kutokeza pembeni, kisha acha. Gundi hii hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewani. Wakati wa masika saa 24 zinatosha, lakini kiangazi cha Tabora hewa ni kavu, ipe siku mbili. Ndipo ukaze mara ya mwisho kwa kuzungusha nati peke yake, kichwa cha bolti kikiwa kimeshikwa. Kikizunguka kinachana muhuri ulioujenga. Raba ikianza kuvimba pembeni, imetosha. Kwa mwenye spana ya kipimo, ni nyutoni-mita 10.

Hatua ya 6: Maji

Mtu mmoja aingie ndani na tochi, mwingine amwage ndoo tatu nne juu, taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine. Fanya hivi kabla ya kurudisha kitambaa cha ndani. Kitambaa kikiwepo, maji hutembea juu yake na kudondokea mbali, na utaziba mahali pasipo na kosa.

Baada ya kufunga

Kaza tena baada ya kilomita 100, halafu 500, kisha kila unapobadilisha oili. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye pleti. Mstari ukikatika, nati imezunguka.

Mzigo ufungwe kwenye keria na pia mbele kwenye bampa kwa kamba mbili, hasa mizinga, ambayo inashika upepo. Kwenye njia za miombo matawi hulala chini: chomelea bomba la kuinama mbele ya keria, lipande kutoka usawa wa paa, ili tawi liteleze juu badala ya kunasa paipu ya kwanza na kuivuta pamoja na bolti zake.